Kiti cha Mlinzi

Inspekta Adong alikwenda Bwera, mpakani mwa Kongo, na koti la maiti ndani ya mfuko wa plastiki, na siku moja tu ya kulitumia.

Koti lilikuwa la Katembo, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka. Jumatatu alipanda ndege ndogo ya Mbogo Air kuja Kasese, akashushwa amebebwa. Mlinzi wa kampuni, aliyekaa kiti cha mwisho na bastola yake, alimpiga risasi ndege ilipoanza kushuka. Damu haijakauka, kampuni ikatangaza redioni kwamba mtekaji amezuiwa na abiria wote wako salama. Abiria wote, ukimtoa mmoja.

Kesho mchana ripoti ya Adong ingesomwa na wakubwa. Ikisema "mtekaji", Katembo angezikwa na askari kwenye ardhi ya serikali, bila padri wala mke, na jina hilo lingewafuata watoto wake pande zote mbili za mpaka. Simu ilikuwa imekwisha kupigwa kutoka juu, kwa sauti ya upole kabisa, kumwambia kwamba neno lenyewe ni fupi na halistahili kuchomewa mafuta ya gari. Adong alijibu "ndiyo, afande", akajaza tangi.

Yeye alikulia Gulu, ambako kila aliyebeba bunduki alisema amekuja kulinda. Ukikua hivyo, neno "salama" hulimezi mpaka uligeuze mdomoni kwanza.

Elise aliishi nyuma ya vibanda vya wabadilisha fedha, mahali ambapo honi za bodaboda haziachi mtu amalize sentensi. Alikuwa muuza vitenge, na Jumatatu alikuwa ndani ya ndege hiyo. Tangu msiba utokee, alikuwa amempokea mjane wa Katembo nyumbani kwake. Mjane huyo, Anastasie, alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na chai iliyopoa mbele yake.

"Mi nilishaandikisha yote, afande," Elise alisema kabla ya kuulizwa. "Waliniuliza kama Papa Katembo alisimama. Nikasema, alisimama. Waliniuliza kama kuko mutu alimuambia asimame. Nikasema hapana, hakuna mutu alisema kitu."

"Wewe ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilifunga macho. Nilikuwa na rozari. Ndege ikianza kushuka, mi siangaliaka. Nilisikia anapita hapa kando, kisha ule mulio."

"Alikuwa na kisu?"

"Kisu ya nini? Ule mutu hata kuku alikuwa anaachia bibi yake achinje."

Anastasie hakucheka. Adong aliuchukua mfuko, akasita kidogo, kisha akaufungua. Hakuna njia nzuri ya kumwonyesha mke kitu cha namna hiyo, kwa hiyo alitumia ile mbaya. Aliliweka koti mkekani.

"Samahani, mama. Kuna jambo silielewi. Daktari ameona risasi moja, imeingia mgongoni ikatokea kifuani. Lakini koti halina tundu mgongoni hata moja. Lina matundu mkononi, ubavuni, kwenye pindo, kila mahali pengine. Hesabu inakataa."

Mjane alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akalivuta, akaanza kulikunja. Hakulikunja ovyo. Alifuata mistari ya damu iliyokaukia kwenye mikunjo, upande juu ya upande, mikono ndani, mpaka likawa bunda dogo analoweza kulibeba kwenye mkono ulioukunja mbele ya kifua. Matundu yote yalipangana, yakawa tundu moja.

Elise alijishika mdomo.

"Bwana yangu," Anastasie alisema taratibu, "akikaa, anavaa koti, hata jua iwake namna gani. Akienda kwa choo, anaacha kwa kiti, batu bajue nafasi iko na mwenyewe. Kukunja vile ni siku anahama. Kwa kanisa, kama padri anamuita akae mbele, anakunja vile vile. Miaka yote naona ile kukunja."

"Anahama kwenda wapi, mama? Ndani ya ndege?"

"Mi sikukuwa mule, afande. Polisi ni weye."

Hilo lilimchoma Adong, na lilikuwa haki yake. Alirudi kwenye gari akakaa bila kuwasha injini. Mtu anayekwenda kumkaba rubani habebi koti lake kama anayehamia nyumba nyingine. Huliacha, au hulivaa. Katembo alikiaga kiti chake. Na siku hiyo viti vyote vya abiria vilijaa. Kiti pekee kilichokuwa wazi kilikuwa mbele kabisa, ubavuni mwa rubani.

Alishuka tena, akamwomba Elise waende wote Kasese.

"Ndani ya ile ndege? Jamais, siingii tena!"

"Itakuwa chini. Haitaruka."

Elise alimtazama Anastasie. Mjane aliinua kidevu tu, na Elise akaenda kutafuta viatu.

*

Uwanja wa Kasese ulikuwa unaunguza. Milima ilikuwa imejifunika mawingu, kama kawaida yake ukiihitaji ikupe ubaridi. Ndege ilisimama kando ya njia yake, imeoshwa, na ubavuni wamepaka maandishi mapya makubwa: TUNASAFIRI NA ULINZI.

Hakim, mwenye kampuni, alikuja kumpokea mkono mbele, viatu viking'aa katika vumbi lote lile. Nyuma yake walikuja watu watatu walioitwa. Kapteni David, rubani, aliyefunga vifungo vya shati mpaka kooni. Hajji Wahabu, msafirishaji wa malori wa Kasese, aliyekuwa abiria wa Jumatatu na ndiye aliyesema ameona kitu kinang'aa mkononi mwa marehemu. Na Zedekia, mlinzi, kijana wa Munkunyu ndani ya sare mpya ambayo bado ilikuwa na alama za kukunjwa dukani.

"Afande Adong," Hakim alisema, "sisi hatuna la kuficha. Mwaka jana mlevi mmoja alimtishia rubani wangu kwa chupa ya bia. Nimeweka mlinzi. Watu wanalala usingizi angani sasa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Polisi mko chini, nyoka yuko juu."

"Na fimbo ya karibu, mzee, imemuua nani?"

Hakim alitabasamu kama mtu aliyepewa chai bila sukari.

Adong alianza na Zedekia, mbali kidogo na wengine. Kijana alisimama wima, visigino pamoja.

"Simama kwa raha, mimi si sajini wako. Ulifundishwa nini?"

"Mtu ikisimama wakati ndege inashuka, unaita, afande. Isiporudi, unapiga. Hakuna kungoja."

"Ulimwita?"

"Nilimwita. Nilisema, 'Wewe, kaa chini!' Kwa nguvu."

"Injini ilikuwa inanguruma?"

"Ilikuwa na kelele mingi."

"Ulishapanda ndege mara ngapi kabla ya hiyo?"

"Ile ndiyo ilikuwa ya kwanza, afande."

"Na rubani alikuelezaje kazi ya humo ndani? Nani anakaa wapi, nani anafanya nini?"

"Haturuhusiwi kuongea na rubani. Ni sheria ya kampuni. Ati tukizoeana tunaweza panga kitu mubaya. Mimi nilimuona tu mugongo." Aliinua macho kidogo. "Afande, nilifanya vibaya?"

"Bado sijui," Adong alisema, na ilimuuma kwamba karibu alikuwa anajua.

Aliwapandisha wote ndani. Elise kiti chake, Hajji Wahabu chake, Zedekia nyuma kabisa, bastola imetolewa risasi. Adong alimwambia Kapteni David akae kwenye kiti cha Katembo. Rubani hakupenda. Alikaa kwenye ncha ya kiti, kama kinachomuunguza.

Adong mwenyewe alikwenda kwanza kukaa alipokaa mlinzi. Chini ya kiti kile lilifungwa sanduku la chuma, la kuhifadhia silaha, zito kiasi kwamba mguu wake haukulisogeza hata kidogo. Kutoka pale aliona migongo ya viti, visogo vya watu, na paa. Kiti cha rubani kilikuwa upande uleule, mbele kabisa. Aliona kofia iliyotundikwa juu yake, basi. Mikono ya mtu aliyekaa pale, hata angeipunga kama anayemwita teksi, usingeiona.

Alipita katikati akaenda mbele, akakaa kwenye kiti cha rubani. Kiti cha jirani kilikaliwa na mkoba mweusi wa ngozi, umefungwa mkanda kama abiria.

"Mkoba wa nani huu, kapteni?"

"Wangu. Ramani, dawa, vitu vyangu."

"Unakaa hapa siku zote?"

"Siku zote. Kitu kikilegea hewani kinaweza kukuvunja shingo."

"Jumatatu pia?"

"Siku zote, nimesema."

"Marehemu alipopigwa, aliangukia wapi?"

"Hapo hapo. Juu ya kiti hicho."

Adong alifungua mkanda. Aliunyanyua mkoba, akaugeuza pande zote kwenye mwanga, akaunusa. Ngozi ilikuwa imepauka kwa vumbi la miaka, mishono imejaa uchafu wa zamani. Haukuwahi kuoshwa tangu ununuliwe. Kisha akatazama chini yake. Kitambaa cha kiti kilisuguliwa kwa sabuni, lakini doa la kahawia lilienea chote, kutoka ukingo mpaka ukingo, na zaidi kuliko kwingine katikati, pale pale mkoba ulipokaa.

Hapo hasira ilimpanda, na hakujaribu kuishusha. Aliuweka mkoba sakafuni, akageuka nyuma, akainua mkono wa kulia, kiganja juu, akakunja vidole kumwita Hajji Wahabu aje kuona.

Aliyesimama alikuwa Elise.

Alifungua mkanda, kipande cha chuma kikashika jua la dirishani na kumulika. Aliokota mkoba wake, akakusanya kitenge chake begani, akaanza kuja mbele ameinama, mkono ukishika viti.

"Hicho!" Hajji Wahabu alipaza sauti. "Wallahi, afande, hicho! Hicho ndicho kiling'aa!"

"Chuma cha mkanda, Hajji."

"Chuma cha mkanda." Mzee alirudi nyuma kitini. "La haula. Na mimi nikasema kisu. Mimi mtu wa malori, ndege nilikuwa sijapanda. Nikaapa."

Elise alikuwa amesimama katikati, anawatazama bila kuelewa kelele ilikuwa ya nini.

"Mama Elise," Adong aliuliza, "kwa nini umesimama?"

"Si uliniita?"

"Sijafungua mdomo."

"Mukono, afande! Umetoa mukoba, umeita na mukono. Kwetu ndege zote ndogo ni vile. Rubani akisikia nyuma iko nzito, anaita mutu mumoja munene aende mbele. Kwa batu ya leo munene ni miye." Alijipiga nyonga. "Jumatatu munene alikuwa Papa Katembo."

"Na kwa nini hukuwaambia waliokuandika?"

"Hawakuniuliza alikuwa anaenda wapi! Waliuliza nani alisema. Hakuna mutu alisema." Alianza kulia huku akiendelea kusema. "Mi niliwaza kila mutu anajua ile. Mutoto wa Butembo anajua. Nilisema, basi bamemuua kwa kitu ingine, kitu ya serikali, mi sijui."

Adong alikuwa anamtazama kapteni, na kapteni alikuwa anatazama magoti yake.

"Mkoba ulihama kabla ya mtu kuhama, kapteni. Kama Katembo angekuja kukukaba, angeuangukia mkoba. Damu ingekuwa juu yake na kiti kingekuwa kisafi. Wewe ndiye uliyempisha nafasi. Ulimwita mtu, akatii, akauawa mbele yako. Kisha ukaenda kuandika kwamba alikuja kukuteka."

Kapteni David alifungua kifungo cha kooni.

"Mkia ulikuwa unavuta chini," alisema. "Uwanja huu haukusamehe ukija na mkia mzito. Nilimwita. Nimemwita mara nyingi kwenye ndege nyingine, huko Kongo, tunajuana kwa macho tu. Alicheka, akachukua koti."

"Na uzito wa nyuma ulitoka wapi?"

Rubani alinyoosha kidole bila kugeuka. Kidole kilikwenda mpaka mwisho wa ndege, kwenye kiti alichokalia Zedekia na sanduku la chuma chini yake.

"Tangu nianze kuiendesha hii ndege, sijawahi kumwita abiria mbele. Haikuwa na haja. Walipofunga lile sanduku na kuweka mtu juu yake, nilimwambia mzee Hakim ndege imelemaa. Akaniambia watu wanapenda kuona bunduki, tupunguze mizigo. Mizigo haikupunguzwa. Na kumtembeza abiria wakati wa kushuka ni marufuku, ningenyang'anywa leseni. Nina watoto."

"Katembo naye alikuwa nao."

Adong aliyasema haya kwa sauti ya chini, lakini ndege ni ndogo. Huko nyuma Zedekia alikuwa amesimama. Alikuwa ameivua bastola na mkanda wake, ameviweka juu ya kiti.

"Afande. Alikuwa anaitwa?"

Hakuna aliyetaka kumjibu kijana yule, hata Adong, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo.

"Alikuwa anaitwa," alisema.

"Kwa sababu ya mimi? Kwa sababu nilikaa huku?"

"Kwa sababu walikuweka huko na hawakukwambia kitu."

Zedekia aliitikia kwa kichwa kana kwamba amepewa maagizo, akashuka ngazi. Wakamsikia anatapika kando ya gurudumu.

Hakim alikuwa anangojea kivulini, simu mkononi. Adong alimweleza kwa maneno machache, akitazama uso wake ili aone kama kuna mahali utavunjika. Haukuvunjika. Ulifikiri.

"Kwa hiyo tatizo ni mawasiliano," Hakim alisema.

"Tatizo ni maiti."

"Mungu amrehemu. Lakini sikiliza, afande. Mlinzi wa nyuma hakuona mbele. Sawa. Basi tutaweka wawili. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Mbele atamwona rubani, na uzito utajisawazisha wenyewe." Alikuwa anapiga hesabu angani kwa kidole, na macho yalikuwa yamechangamka. "Kusema kweli umetusaidia."

Adong alimtazama mpaka mtu yule akashusha kidole.

*

Ripoti ilisomwa. Kwenye taarifa yao wakubwa walilitoa neno "mtekaji" wakaweka "ajali", na hakuna aliyeshitakiwa isipokuwa rubani, ambaye hakuwa na mjomba mahali popote. Zedekia aliondolewa kazini. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo yenyewe ilikuwa ya mtu mkubwa, na nguo za wakubwa hazikung'utwi hadharani. Wiki iliyofuata redio ilitangaza kwamba Mbogo Air sasa ina walinzi wawili.

Hakim alijitolea kuupeleka mwili Butembo kwa ndege, bure. Anastasie alituma jibu kupitia Elise, na Elise alikataa kulitafsiri.

Kwa hiyo Katembo alirudi kwao kwa barabara, ile ile aliyoikimbia. Alikuwa amechoka kuzika wenzake waliochinjwa njiani na waasi, ndipo akaanza kulipa nauli ya ndege. Adong aliwasindikiza mpaka mpakani. Jeneza lilikuwa nyuma ya pikapu, limefungwa kamba. Anastasie alikaa mbele na dereva, koti la mumewe limekunjwa mkononi, mbele ya kifua.

"Mama, barabara si salama," Adong alimwambia dirishani. Aliona aibu kulisema, lakini angeona aibu zaidi kutolisema.

"Kwa barabara beko na bunduki," mjane alisema. "Kwa ndege beko na bunduki. Weye pia uko nayo, kwa kiuno. Bote banasema ni ya kutuchunga. Mi nipitishe bwana yangu wapi, afande?"

Adong alifunika bastola yake kwa pindo la jaketi, kama mtoto anayeficha alichoiba.

Foleni ilisogea. Kwenye kizuizi walisimama askari wawili, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele aliitazama pikapu, akaona jeneza, akainua mkono, kiganja juu, akakunja vidole: njooni. Dereva aliingiza gia.

Anastasie akamshika mkono.

"Hapana."

"Mama, ametuita."

"Aseme."

Askari alipunga tena, kwa nguvu zaidi. Nyuma yao malori yalianza kupiga honi, watu wa bodaboda wakatukana kwa lugha zote za mpaka. Anastasie alikaa vile vile, macho yake kwa yule wa pili, mwenye bunduki.

"Aseme kwa mudomo," alisema. "Kwa nguvu. Na ule wa nyuma asikie."

Adong alitembea mpaka kizuizini. Alimweleza askari kitu ambacho hakikumwingia kichwani, kisha akaacha kueleza, akamwamuru. Askari alivuta pumzi, akakunja mikono yake kifuani, na mbele ya foleni nzima akapaza sauti.

"Mama, pita!"

Anastasie alingoja. Yule wa pili alipoitikia kwa kichwa kwamba amesikia, ndipo akauachia mkono wa dereva.